Kifungo kidogo, mlima mkubwa

Siku hizi katika miji yetu ya Kivu na Katanga twaona kamyoneti nyingi zisizo na kikanyagio cha ambreyaji. Shofere anakanyaga mafuta, anakanyaga freni, basi. Vitesi vinajibadili vyenyewe. Tena karibu na mkono wake mna vifungo vidogo vyenye maandishi: ECO, PWR, SPORT, na katika kamyoneti za Marekani hata maneno ya kuvuta mzigo, ya mchanga na ya matope. Wengi huuliza: je, vifungo hivyo ni pambo tu, au vina kazi? Wengine husema kwamba ukibonyeza kimoja, moteri yapata nguvu mpya. Wengine husema ni ujanja wa wauzaji.

Sisi walimu wa dini si mafundi wa garaji. Lakini kazi yetu hutupeleka vijijini, na mara nyingi twapanda nyuma ya kamyoneti pamoja na mifuko ya saruji, wagonjwa na watoto. Anayepanda nyuma hana usukani wala freni. Kwa hiyo tumeona yafaa kujua mambo yanayotokea mbele. Tumewauliza mafundi, tumesoma vitabu vinavyokuja na motokari, na leo twataka kuwagawia yale tuliyoyapata.

Kwanza, vitesi ni kitu gani? Mtazameni mama anayepanda mlima na mzigo wa kuni mgongoni. Hupiga hatua fupi fupi, nyingi. Akifika penye tambarare, hatua zake huwa ndefu. Nguvu zake ni zile zile. Amezigawa kwa namna nyingine tu. Moteri nayo ni hivyo. Moteri ya mazutu hufanya kazi vizuri ikizunguka mara 1,500 mpaka 3,000 hivi kwa dakika. Vitesi vya chini ni hatua fupi: moteri yazunguka sana, magurudumu yaenda polepole, lakini kwa nguvu. Vitesi vya juu ni hatua ndefu: mwendo mwingi, nguvu kidogo, mafuta kidogo.

Zamani shofere mwenyewe alichagua hatua hizo kwa mkono na mguu. Mwaka 1939 kiwanda cha General Motors huko Marekani kilitangaza motokari za Oldsmobile zenye bwate iliyojibadilishia vitesi vinne, jina lake Hydra-Matic. Miaka ya 1950 bwate za namna hiyo zilianza kuingia katika kamyoneti. Leo hesabu imeongezeka sana. Kamyoneti ya Hilux ya tangu mwaka 2015 ina bwate ya otomatiki ya vitesi 6, na Ford F-150 tangu mwaka 2017 yapatikana na bwate ya vitesi 10, ambayo Ford na General Motors waliitengeneza kwa kushirikiana.

Ndani ya bwate hiyo, mahali pa ambreyaji pana chombo kilichojaa mafuta. Fikirini feni mbili zinazotazamana: moja ikizunguka, upepo wake waizungusha ya pili. Humo ndani, badala ya upepo ni mafuta. Feni ya kwanza yashikamana na moteri, ya pili yapeleka nguvu kwenye meno ya vyuma. Ndiyo sababu motokari yaweza kusimama na vitesi vimeingia, na moteri isizimike. Lakini feni ya kwanza ikizunguka upesi kuliko ya pili, mafuta yapata moto. Neno hilo la moto mlishike, tutalirudia.

Sasa swali kubwa: ni nani anayeamua saa ya kubadili? Siku hizi ni kompyuta ndogo. Nayo huuliza hasa mambo mawili: motokari yaenda mbio kiasi gani, na mguu wa shofere umekanyaga mafuta kiasi gani? Majibu yakipatikana, yatazama katika jedwali lililoandikwa kiwandani. Mguu ukikanyaga kidogo, jedwali lasema: panda upesi hata cha tano, hata cha sita. Mguu ukizama, jedwali lasema: ngoja kwanza, au teremka vitesi kimoja upate nguvu.

Hapa ndipo ilipo siri ya vifungo. Ukibonyeza kifungo, meno ya vyuma hayabadiliki hata moja, wala moteri haiwi kubwa. Kompyuta inafungua jedwali jingine tu, au inasikia mguu wako kwa namna nyingine. Tutazame kimoja kimoja.

ECO ni kifungo cha kuponya mafuta. Kwa kawaida hufanya mguu usikike kidogo, na katika motokari nyingi vitesi hupanda mapema ili moteri izunguke polepole. Katika Hilux tulizosoma habari zake, kazi yake ni kulainisha kikanyagio cha mafuta na kupunguza kazi ya kipoza hewa. Barabarani pa lami na bila mzigo, ni kizuri. Lakini ukipanda mlima na mzigo wa karibu tani 1, utaona motokari yalegea. Nawe utazidi kukanyaga, na mafuta uliyotaka kuyaponya utayamwaga njiani.

PWR au SPORT ni kinyume chake. Mguu wasikika upesi, vitesi vya chini vyashikwa kwa muda mrefu, na moteri yazunguka zaidi kabla ya kupanda. Chafaa kupita kamyo iliyolegea, au kupanda mlima. Chala mafuta zaidi.

Kifungo cha mchanga na cha matope hutaka magurudumu yasikose mwendo. Vitesi vya chini hushikwa, maana kupanda vitesi katikati ya matope ni kama kuvuta pumzi wakati wa kuogelea chini ya maji: kidogo tu nawe umekwama. Tena kompyuta yaruhusu magurudumu yateleze kidogo yajitafutie njia. Kifungo cha utelezi na theluji chafanya kinyume: mguu unalainishwa, na motokari nyingi zaondoka na vitesi vya pili, ili gurudumu lisizunguke bure.

Kifungo cha mzigo chastahili maneno mengi zaidi. Kamyoneti ikipanda mlima na mzigo mkubwa, jedwali la kawaida hutangatanga. Lapanda cha tano, nguvu hazitoshi. Larudi cha nne, mwendo waongezeka. Lapanda tena cha tano, na tena larudi. Mafundi husema bwate inawinda. Kila badiliko moja ni sahani zinazosuguana ndani ya mafuta, na kila msuguano ni moto. Mafuta ya bwate yakizidi nyuzi 120 za joto, uzima wake wapungua upesi. Yakiungua, sahani nazo zaungua, na bwate ya otomatiki si kitu cha kutengeneza chini ya mwembe. Kifungo cha mzigo hutenga mbali saa ya kupanda na saa ya kushuka vitesi, hata kuwinda kwakoma. Tena hufunga mapema zile feni mbili zishikamane kama chuma kimoja, na hivyo moto wapungua.

Lakini kazi yake bora ni kwenye mteremko. Kumbukeni yale maswali mawili. Motokari ikishuka, shofere aondoa mguu kwenye mafuta. Kompyuta yaona mguu hauko, mwendo waongezeka. Jedwali la kawaida laweza kusema: hapana haja ya nguvu, panda vitesi vya juu. Basi moteri haiizuii tena motokari, na mzigo wote waangukia freni. Freni zikishikwa mfululizo zapata moto mpaka hazishiki tena. Mafuta yake yaweza hata kuchemka, na kikanyagio kuzama bure. Katika motokari yenye kifungo cha mzigo, shofere akigusa freni kwenye mteremko, bwate huteremka vitesi yenyewe na moteri husaidia kuizuia.

Je, motokari isiyo na kifungo hicho? Twakumbuka safari moja ya mwaka 2019, wakati wa mvua, kutoka Bukavu kwenda bonde la Ruzizi. Mnajua njia ile. Ziwa Kivu liko mita 1,460 hivi juu ya bahari, na Ziwa Tanganyika mita 770 hivi. Karibu mita 700 za kushuka, na sehemu kubwa yake ni pale Ngomo, penye kona nyembamba, jabali upande mmoja na shimo upande mwingine. Kamyoneti yetu ilikuwa na vifungo viwili tu, ECO na PWR. Nyuma tulikuwa watu wanane, na vitanda vya chuma vya zahanati. Shofere alikuwa kijana mwema, ila alikuwa amezoea barabara za tambarare. Mbele aliketi mzee aliyeendesha kamyo miaka mingi katika milima hiyo.

Baada ya kona chache tulisikia harufu ya freni. Mama mmoja alimkumbatia mtoto wake, akanyamaza. Mzee akasema: «Kijana, tafuta mahali, usimame.»

Kijana akajibu: «Mzee, nimekwisha weka nguvu. Tazama, taa ya PWR inawaka.»

«Mwanangu, kifungo hicho kinausikiliza mguu wako wa kulia. Sasa mguu umeuondoa. Kitasikiliza nini?»

Tulisimama. Mtu mmoja akaleta kidumu cha maji ayamwage juu ya magurudumu. Mzee akamkataza, maana chuma chenye moto kikimwagiwa maji chaweza kupasuka. Tukangoja freni zipoe kwa upepo. Kisha mzee akamwonyesha kijana mti wa vitesi: badala ya kuuacha kwenye D, ausukume kando kwenye S, auteremshe hata tarakimu 2. Maana yake: bwate isipite vitesi vya pili, hata mwendo ukiongezeka. Moteri ikalia kwa sauti kubwa, watu wakadhani yaharibika. Mzee akasema: «Acheni ilie. Ikilia, freni zinapumzika.» Tulishuka hivyo mpaka Kamanyola, kijana akigusa freni kwa vipindi, na harufu haikurudi tena.

Tumewaza sana juu ya neno la mzee yule. Kompyuta haina macho ya kuona mlima. Ile ya kamyoneti nyingi yaujua mlima kwa kuhesabu tu: mguu hivi, mwendo hivi, freni hivi. Kona inayokuja haiijui. Mama na mtoto walio nyuma haiwajui. Shofere ndiye anayejua. Na kifungo ni neno analoiambia motokari juu ya mambo asiyoweza kuyaona huyo mtumishi wa chuma. Akisema neno lisilo lake, atatumikiwa vibaya, tena kwa utii kamili.

Basi, ndugu wasomaji, tumalize kwa mashauri machache. Wewe uliye na kamyoneti ya otomatiki, au uliyepewa kuilinda ile ya shirika, soma kitabu chake, maana PWR ya kiwanda hiki si sawa kabisa na SPORT ya kiwanda kile. Tumia ECO kwa tambarare na mzigo mdogo. Kwa mlima mrefu na mzigo, tumia kifungo cha mzigo kama kipo. Kama hakipo, zuia vitesi vya juu kwa mkono. Kwenye matope mazito weka magurudumu manne na vitesi vile vifupi zaidi kabla ya kuingia, usingoje kukwama. Mafuta ya bwate yaangaliwe na fundi. Yakinuka kuungua, usisafiri. Na kabla ya mteremko, punguza mwendo na ushike vitesi vya chini kileleni, freni zingali baridi.

Nawe unayepanda nyuma, usione haya. Kuuliza kwa heshima si kumtukana shofere. Kabla ya Ngomo, na kabla ya kila mteremko unaofanana nayo, mwambie: «Baba shofere, tunashuka na vitesi vya ngapi?» Akiweza kujibu, keti salama. Asipoweza, mwombe asimame, mfungue kile kitabu pamoja.