Zahanati ya Mkimbizi na Jirani Yake

Kizazi changu cha Dodoma kilikua kikiamini kwamba kutibiwa ni kama kupita barabarani: hakuna anayeulizwa pesa. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, serikali ilielekeza nguvu vijijini, zahanati zikaongezeka, na mgonjwa wa Mpwapwa au Manyoni alikwenda na ugonjwa wake tu. Mkimbizi naye aliingia kwa mlango huohuo. Ndivyo ninavyoukumbuka wakati ule, na tangu hapo nimeliona wazo hilo likibadilika hadi likageuka kinyume chake. Ninachotetea ni hiki: zahanati ya bure inayofunguliwa kwa ajili ya watu waliokimbia vita hudumu inapomhudumia na jirani yao, ikahesabiwa kuwa sehemu ya huduma za nchi. Ikitengwa, uhai wake unabaki mkononi mwa mfadhili.

Mfano wa kwanza uko karibu nasi, Kongwa. Mradi wa karanga wa Waingereza ulipokufa mwaka 1951 uliacha majengo matupu, na mwaka 1964 eneo hilo wakapewa wapigania uhuru: FRELIMO ya Msumbiji, ANC ya Afrika Kusini, SWAPO ya Namibia na wengine. Kambi ya FRELIMO ilikuja kuongozwa na Samora Machel, ambaye kabla ya kushika bunduki alikuwa muuguzi huko Lourenço Marques. Silioni hilo kuwa jambo dogo. Vita vya ukombozi wa Msumbiji vilipoanza Septemba mwaka ule wa 1964, FRELIMO iliwafunza wahudumu wa afya kwa muda mfupi na kuwapeleka Cabo Delgado na Niassa, na majeruhi waliozidiwa wakavushwa mto Ruvuma hadi hospitali yake ya Mtwara, iliyopewa jina la Américo Boavida, daktari wa MPLA aliyeuawa vitani Angola mwaka 1968. Mwanakijiji aliyekimbilia msituni kwa kuhofia mabomu ya Wareno alitibiwa kama alivyotibiwa mpiganaji. Mtu anaweza kupinga kwamba tiba ya namna hiyo ilikuwa na upande, na kwamba daktari wa kweli hana upande. Pingamizi hilo lina uzito, maana kituo chenye bendera hugeuka shabaha. Lakini tazama kilichofuata. Msumbiji ilipopata uhuru mwaka 1975, Helder Martins, daktari aliyekuwa miongoni mwa waanzilishi wa huduma za afya za FRELIMO, alikuwa waziri wa afya wa kwanza, na chanjo na wahudumu wa vijijini vikawa msingi wa sera ya nchi nzima. Kazi iliyoanzia porini ilipata mrithi, kwa sababu tangu mwanzo ilikuwa imewazoea raia.

Mazimbu, mkoani Morogoro, inaonyesha hilo bila moshi wa vita. ANC ilijenga pale shule yake, na katika miaka ya 1980 ikaongeza hospitali kwa msaada wa Waholanzi. Hospitali hiyo iliwatibu na wanavijiji wa jirani, kwa hiyo wana-ANC waliporejea kwao na kukabidhi majengo kwa Tanzania mwaka 1992, wagonjwa hawakuondoka nao. Upande wa magharibi wa uwanda wetu, Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 walipewa ardhi Ulyankulu, na wenzao wakapewa Katumba na baadaye Mishamo. Shirika la kikristo la kuhudumia wakimbizi, TCRS, pamoja na serikali na UNHCR walijenga zahanati sambamba na shule na visima, na kufikia katikati ya miaka ya 1980 makazi yote matatu yalikuwa yamekabidhiwa serikalini. Watu waliokuja kama wageni waliishia kupewa uraia, zaidi ya 160,000 kati yao, na vyeti vikaanza kutolewa mwaka 2014.

Mabadiliko yalikuja kwa pamoja, na nadhani hatujayatafakari vya kutosha. Julai 1993 serikali ilianza kuwatoza wagonjwa katika hospitali zake, kwa jina la uchangiaji. Oktoba mwaka huohuo Rais Ndadaye wa Burundi aliuawa na Warundi wengi wakakimbilia kwetu, na mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa takriban siku moja. Mashirika ya kimataifa yalifanya kazi kubwa katika kambi ya Benaco, wilayani Ngara, na hakuna mwenye haki ya kuibeza: tazama kilichotokea Goma, nchini Zaire, ambako miezi michache baadaye wakimbizi wapatao 50,000 walikufa ndani ya mwezi mmoja, wengi kwa kipindupindu na kuhara damu. Lakini matokeo ya mabadiliko hayo yalikuwa kwamba huko Ngara mkimbizi alitibiwa bure na Mtanzania wa kijiji cha pili alitakiwa kulipa. Chuki iliyozaliwa hapo haikutokana na roho mbaya ya Wahangaza, wenyeji wa Ngara. Sheria ya Wakimbizi ya 1998 ikakaza mipaka, na mkimbizi akakatazwa kwenda zaidi ya kilomita nne kutoka kambini bila kibali. Hata hivyo wanavijiji wa Kasulu na Kibondo, mkoani Kigoma, wameendelea kupeleka wagonjwa katika hospitali za kambi. Wameona kile ambacho sheria haikukiona.

Najua nitaambiwa kwamba kukabidhi kituo kwa serikali ni kukikabidhi uhaba: dawa zitakwisha, wauguzi watahamishwa, na bure itabaki kwenye karatasi. Pingamizi hili ndilo linalonisumbua zaidi, kwa kuwa nchini Tanzania hata misamaha ya wajawazito na watoto chini ya miaka mitano hukwama pale dawa zinapokosekana katika bohari. Lakini dawa zikikosekana katika zahanati ya kijiji, diwani huulizwa, mbunge huulizwa, bajeti hujadiliwa hapa Dodoma. Zikikosekana kambini, huulizwa mtu aliye Geneva au Washington, na mkimbizi hana kura kule. Marekani ilipokata misaada yake mwaka 2025, hapakuwa na baraza lolote la Tanzania lililotakiwa kujibu ni nani angejaza pengo la kambini.

Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996. Huwezi kuendelea kuiita dharura. Kambi nyingine, ya Mtendeli, ilifungwa mwaka 2021, na mipango ya kuwarudisha Warundi kwao imekuwa ikiendelea. Wizara ya Afya inapaswa kuziingiza hospitali za kambi zilizobaki katika mipango ya wilaya za Kasulu na Kibondo, pamoja na ikama ya watumishi na mgawo wa dawa, kabla kambi hizo hazijafungwa. Nani atairithi wodi ya wazazi ya Nyarugusu ni jambo la kuamuliwa sasa, wakati wakunga wake wangali kazini.