Injini Ikipoa Haigongi

Pikipiki ya bamdogo wangu kule Masieda ni Honda XL125, zile ndefu ambazo mabwana shamba na watu wa miradi walikuwa wanaendesha kabla SanLG na Boxer hazijajaa kila kona. Aliinunua mkononi kwa mtu. Inabeba maharage kwenda gulioni, inabeba watu, na kila mwezi inampeleka bibi Haydom kuchukua dawa za presha. Likizo iliyopita nikaikuta imeegeshwa chini ya mti, na ndani kuna mjadala wa kuuza dume mmoja kati ya wale wawili wa kulimia. Kwa familia ya Kiiraqw inayolima kwa plau, kuuza dume mmoja ni kama wewe uuze laptop wiki ya UE. Anayebaki hawezi kuvuta plau peke yake.

Injini ilikuwa imeshushwa na kufungwa upya mjini: pistoni mpya, ringi mpya, beringi zote mbili za krenki mpya. Wiki chache baadaye ikaanza kugonga chini. Fundi wa kijijini akaja asubuhi, akashika, akatikisa, akasema krenki iko poa. Bamdogo akaiendesha mpaka mjini, fundi aliyeifunga akashika palepale ilipofika, akasema krenki inacheza, inunuliwe nzima. Hiyo krenki nzima ndiyo iliyokuwa inamtafuta dume.

Ukisikia fundi anasema "inacheza", muulize inacheza wapi na inaelekea wapi, maana mchezo uko wa aina nyingi na mwingine umewekwa makusudi kiwandani. Konrodi, kwa mfano, ikishikwa mguu wake wa chini itasogea kushoto na kulia. Watu wengi wanaona hivyo wanalia. Lakini lile ni pengo la kupitisha oili, na kwenye injini za saizi hii vipimo huruhusu sehemu kadhaa za kumi za milimita. Kinachokatazwa ni konrodi kwenda juu na chini ukiivuta wakati pistoni iko juu kabisa. Hapo vidole vikisikia "tk" tu, beringi ya chini ya konrodi imeisha.

Hata beringi mpya kutoka kwenye boksi inaweza kuchezacheza kidogo. Za krenki mara nyingi zimeandikwa C3 ubavuni, maana yake zimetengenezwa na nafasi zaidi ndani: kwa beringi ya tundu la milimita 25, ni kati ya maikroni 13 na 28. Ukiibana kwenye shafti na injini ikapata moto, nafasi hiyo inapungua. Kwa hiyo muuzaji akikwambia "hii C3 mbovu, inalegea", mwache aende nayo.

Mimi nilikuwa na fila geji yangu na daili geji ya kuazima karakana ya chuo. Tulianza na vitu vya bure. Nati ya sumaku, imekaza. Ule ufunguo wa nusu mwezi unaoshika sumaku kwenye shafti, mzima. Hivyo viwili vikilegea vinagonga kama beringi kabisa, na watu wameshanunua krenki kwa sababu ya nati. Konrodi juu chini, kimya. Daili geji kwenye shafti, injini ikiwa baridi: mshale hata haujastuka. Fundi wa kijijini akacheka, "Haya msomi, nilisemaje?"

Kilichonikera ni kwamba bamdogo siyo mtu wa kusikia sauti ambazo hazipo. Nikamuuliza inagonga saa ngapi. Akasema, "Nikitoka hapa haigongi. Nikishapanda mlima ule, inagonga mpaka nifike." Wale mafundi wawili walishika krenki ileile, mmoja ikiwa imelala usiku kucha, mwingine ikiwa imetoka kupanda mlima.

Tukaiwasha, bamdogo akaizungusha nusu saa na kilima kimoja, akarudi, tukafungua kava la sumaku haraka huku tunaungua vidole. Safari hii sumaku ilipanda na kushuka mkononi. Mshale ukaruka.

Beringi ni ya chuma, nyumba yake ni ya aluminiamu. Kwa joto lilelile aluminiamu hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Piga hesabu ya beringi yenye kipenyo cha nje cha milimita 52 na joto lililopanda nyuzi 80: nyumba inaizidi beringi kwa karibu milimita 0.046. Kiwandani nyumba hufanywa ibane, ili hata ikipata moto ishike. Hii yetu ilikuwa imeshaliwa.

Tulipopasua injini, beringi ya kushoto ilitoka kwa kidole gumba. Nje inang'aa kama kijiko, maana ilikuwa inazunguka yenyewe ndani ya nyumba. Na ukutani kulikuwa na nukta za senta panchi, duara zima. Hii mbinu mnaijua: nyumba ikilegea, fundi anapiga vitundu ili aluminiamu ivimbe ishike. Baridi inashika kweli. Lakini beringi inakaa juu ya vichuguu vidogo, siyo juu ya ukuta, na siku chache za moto na mtikisiko zinavilaza. Simlaumu sana yeyote, kwa sababu mteja naye huwa anataka bei ya senta panchi.

Krenki ilikuwa nzima. Kununua nusu ya kreti kuukuu tulikataa, maana nusu mbili huchongwa pamoja kiwandani na ukichanganya ya huku na ya kule shafti inaweza kukaa upande. Tukapeleka Babati kwa mtu wa mashine ya kukereza, akatanua nyumba na kuingiza pete, akaichonga kwa kipimo cha beringi. Kurudisha beringi hatukugusa nyundo. Tulipasha kreti juu ya jiko la mkaa, bibi akiuliza leo mnapika nini, beringi ikadondoka ndani yenyewe. Kreti ilipopoa, hata kwa mikono miwili haikutoka.

Kazi ya Babati ilimgharimu bamdogo magunia mawili ya maharage. Tuliipima tena ikiwa ya moto, baada ya mlima uleule, na mshale ukatulia. Madume wote wawili wako shambani. Fila geji yangu amebaki nayo fundi wa kijijini, anasema atairudisha Krismasi.