Barua Kutoka Benediktbeuern

Mwalimu,

Nakuandikia kutoka Bavaria, kusini mwa Ujerumani. Nilipanda treni Munich, na baada ya kama saa moja nikashuka Benediktbeuern, kijiji kilicho chini ya milima ya Alps. Wengi huja kuona monasteri yake kongwe. Mimi nilikuja kuona karakana ya kioo ya Joseph Fraunhofer, iliyo katika viwanja hivyohivyo. Tanuru za kuyeyushia kioo bado zipo.

Ile mistari myeusi katika mwanga wa jua uliyotuchorea ubaoni ina jina lake, lakini vitabu vyetu havikusema alikuwa nani. Alikuwa yatima, mwanagenzi wa fundi vioo. Mwaka 1801, akiwa na miaka 14, nyumba ya bwana wake pale Munich ilimporomokea. Alifukuliwa yu hai, mtawala wa Bavaria mwenyewe akiwapo, naye akampa fedha. Kijana akanunua mashine ya kukatia kioo na kujikomboa kutoka kwa yule bwana.

Kazi yake ninayoihusudu kuliko zote haihitaji hata kioo. Mwaka 1821, akiwa amekwisha kuhamia Munich, alichukua skrubu mbili nyembamba, akazisimamisha sambamba, kisha akapitisha waya mwembamba kutoka hesi za skrubu moja hadi za nyingine, mpaka zikawa nyaya 260 zilizoachana kwa nafasi sawasawa. Mwanga ukipita hapo, kila mwanya huutawanya kila upande. Katika pembe fulani mawimbi yanayotoka kwenye mianya yote hufika pamoja na kuongezana nguvu, kwingineko hufutana. Pembe hiyo hutegemea mambo mawili tu: nafasi kati ya nyaya na urefu wa wimbi. Ndiyo maana nyekundu hupinda zaidi ya buluu, kinyume kabisa na prizimu. Prizimu hufuata tabia ya kioo chake. Wavu huu wa nyaya hufuata vipimo vyake. Fundi akijua nafasi, akapima pembe, ameupata urefu wa wimbi la mwanga. Fraunhofer aliupata hivyo, tena vizuri. Alifariki 1826, akiwa na miaka 39.

Sisi wa mawasiliano tunakula kwa kanuni hiyohiyo. Vyombo vya anga vya Voyager, vilivyorushwa 1977, vina dishi la karibu mita 3.7, na mbele yake kuna kiakisi kidogo kilichopangwa misalaba midogo ya metali. Mawimbi ya sentimita 3.6 hugonga misalaba ile na kurudi. Yale ya sentimita 13 hupenya kama hakuna kitu. Kwa hiyo dishi moja hutumika kwa masafa mawili. Metali ni ileile. Kinachoamua ni ukubwa wa misalaba na mpangilio wake.

Mwalimu, najua maabara ya shule haina wavu wa dukani. Basi usiruhusu zile CD kuukuu zitupwe. Mizunguko yake imeachana kwa maikromita 1.6. Mulika moja wima kwa kalamu ya leza nyekundu ya nanomita 650, na doa la kwanza la pembeni litatoka kwa nyuzi kama 24. Wape kidato cha nne rula na karatasi, waonye wasielekeze leza machoni, kisha waache wapime wenyewe.

Wako mtiifu,
Mwanafunzi wako