Uso wa Injini ya Baba

Huenda mkashangaa kukuta habari ya injini ya trekta katika ukurasa uliozoea mapishi na malezi. Nasi hatukuitafuta. Ilitujia pamoja na urithi.

Sisi ni ndugu watatu wa kike, tuliolelewa Majengo, Mombasa, kwa upande wa mama. Kwao baba ni Lwakhakha, katika Bungoma, pale ambapo mto wenye jina hilohilo huitenga Kenya na Uganda, na Mlima Elgon huziba upande mzima wa mbingu. Alipofariki alituachia shamba dogo na trekta aina ya Massey Ferguson 135, zile zilizoundwa baina ya mwaka 1964 na 1975, yenye injini ya dizeli ya Perkins ya silinda tatu. Warithi ni sisi, mama yetu, na mdogo wetu wa kiume mwenye umri wa miaka 11. Trekta hiyo hulima mashamba ya majirani kabla ya mvua za masika, na karo ya mtoto hutoka humo.

Mwezi wa Februari manifoldi ilipasuka. Hilo ni lile pande la chuma lililofungwa ubavuni mwa injini, ambalo hupokea moshi wa silinda zote na kuutia katika bomba moja. Tulinunua jipya mjini Bungoma, na kijana mmoja akalifunga kwa muda usiozidi saa moja. Tulimsifu kwa wepesi wake. Siku ya nne injini ilianza kutoa mlio wa tak-tak-tak, masizi yakachora michirizi kwenye chuma, na dereva akarudi macho mekundu kwa moshi. Gasketi ilikuwa imeungua.

Wiki hiyohiyo akaja mnunuzi wa vyuma chakavu, fedha mkononi. Mmoja wetu alitaka tuuze, na hatumlaumu, kwa kuwa nauli za kutoka Mombasa zilikuwa zimetumaliza. Mama alisema, “Hicho si chuma chenu peke yenu, kina fungu la yatima. Mkikiuza, kwanza mjue mnachouza ni kitu gani.” Basi tukamwita baba mdogo, binamu wa marehemu, fundi wa zamani ambaye magoti yake hayamruhusu tena kuinama. Alikaa juu ya kigoda akawa macho na ulimi; mikono ikawa yetu.

“Wanangu, manifoldi haina kosa,” alisema. “Imelazwa juu ya takataka.”

Tuliloweka nati kwa mafuta mepesi usiku kucha. Hata hivyo, studi moja ilikatika, ikabakisha kisiki kifupi. Baba mdogo akaagiza mchomeleaji aunganishe nati juu ya kisiki hicho, na kilipokuwa bado na moto kikazunguka kikatoka chenyewe. Joto la kuchomelea hulegeza kutu ambayo nguvu ya mkono haiiwezi. Kisha, kabla hatujagusa chochote kwa kikwaruzo, alituamuru tuzibe matundu ya moshi kwa vitambaa safi na tuvihesabu. Valvu huwa wazi katika baadhi ya silinda, na chembe ya kutu ikidondoka ndani itakwaruza kilicho ghali.

Asubuhi nzima tulikwaruza. Wapita njia walisimama kuwatazama wanawake watatu wenye mitandio iliyokazwa kichwani na masizi hadi viwikoni. Jirani mmoja alitushauri tutumie mashine ya kusagia ili tumalize upesi. Baba mdogo alikataa katakata: mashine huchimba mabonde, na bonde halijazwi.

Chini ya gasketi ya zamani, karibu na tundu la nyuma, tulikuta ukanda mwembamba wa bati uliokunjwa mara mbili. Upande mmoja ulikuwa na rangi iliyofifia ya kopo la Kimbo. Hatukuhitaji kuuliza ni kazi ya nani. Mahali pale chuma kilikuwa kimeliwa, na baba alikijua kilema hicho. Alikitia kiraka, akalima, akatuma fedha Mombasa. Tukahesabu miaka: sote watatu tulikuwa shuleni. Kwa kitambo hakuna aliyekwaruza.

Baba mdogo naye alikiangalia kile kibati. “Alifanya alichoweza,” akasema. “Nyinyi mna nafasi ya kufanya zaidi.”

Tulipaka kioo kinene masizi yaliyochanganywa na mafuta, tukakibandika usoni mwa injini na kukisugua taratibu. Palipoinuka palitoka peusi, palipobonyea pakabaki na rangi ya chuma. Kazi ya tupa bapa ilikuwa kushusha yale meusi, kidogo kidogo, tukirudia kioo kila mara. Tulianza baada ya Adhuhuri, na Alasiri ilitukuta hatujafika nusu. Mwishowe tuliweka rula ya chuma kutoka tundu la kwanza hadi la mwisho, tukajaribu kupenyeza chini yake karatasi ya daftari. Haikupita popote. Manifoldi mpya nayo tuliipima vivyo hivyo, kwani upya si dhamana ya unyoofu. Tukatoa vitambaa, tukavihesabu, tukafuta vumbi, tukaweka gasketi kavu bila gundi yoyote, tukakaza nati kuanzia katikati kwenda nje, kwa zamu, bila pupa.

Injini iliwaka mara ya pili. Mama aliinama kusikiliza. Tak-tak haikuwapo.

Jumatatu trekta ilishuka upande wa mtoni kulima ekari mbili. Iliporejea na kupoa tulizijaribu nati zote tena, kama tulivyoagizwa, na mbili zilikubali robo mzunguko. Mnunuzi wa vyuma alipita Jumatano. Mdogo wetu ndiye aliyemjibu langoni.