Kumi na mbili ao ishirini: mzee wa Walikale na bunduki yake ya jiwe

Lubutu, Maniema. – Mzee alifika hapa kwa miguu kutoka upande wa Walikale, kwa barabara ya taifa namba 3, pamoja na bibi yake, wajukuu wanne na mfuko mmoja wa unga wa muhogo. Ndani ya unga alikuwa ameficha vitu viwili vilivyofungwa kitambaa: mtambo wa bunduki ya gumegume ya babu yake, na kalibu ya kumiminia risasi. Mwanzi wa bunduki na mti wake vilibaki porini. Hakuvisahau, aliviacha kwa kusudi. Katika njia ile mwanaume mwenye bunduki begani, hata kama ni ya kuwindia nungu, anaulizwa yeye ni wa kundi gani, na hakuna jibu lililo zuri.

Sasa familia inaishi katika chumba kimoja cha nyumba ya mwenyeji. Mwipwa wa mzee, kijana anayeendesha pikipiki ya abiria, ameweka feza kidogo kidogo. Siku moja ya soko akaja na shauri.

"Mjomba, tutafute mwanzi mpya tuufunge kwa ule mtambo wako. Wajukuu wanakula sombe na bugali kila siku, nyama wanaisikia harufu tu kwa majirani. Lakini safari hii tuchukue kalibre kubwa. Kalibre 12."

Mzee akatikisa kichwa. "Ishirini," alisema.

"Mjomba, mimi ninataka kubwa na wewe unaniongezea?"

Hapo mzee akacheka, na mabishano ya jioni tatu yakaanza.

Neno kalibre linatumika sana hapa kwetu, lakini hesabu yake inajulikana na wachache. Chukua ratili moja ya risasi ya kuyeyusha, yaani gramu 454. Igawe kuwa vidonge vya mviringo vilivyo sawa. Kama ni vidonge 12, bunduki ambayo tundu lake linaenea kidonge kimoja ni kalibre 12, na upana wa tundu hilo ni karibu milimita 18 na nusu. Kama ni vidonge 20, tundu ni karibu milimita 15 na nusu. Kama ni 28, ni milimita 14. Kwa hiyo namba ikipanda, mdomo wa bunduki unapungua. Kijana alidhani ni kinyume, na si yeye peke yake.

Mzee hakujifunza hesabu hiyo shuleni. Aliijua kwa mkono, kupitia kalibu aliyopewa na baba yake. Risasi zinazotoka katika kalibu ile ni ishirini na kidogo kwa ratili, maana kidonge lazima kiwe kidogo kuliko tundu ili kipite na kitambaa chake. Na si ajabu kalibu na kalibre zinafanana masikioni. Wajuzi wengi wa lugha wanasema maneno yote mawili yana asili katika neno la Kiarabu la umbo la kumiminia. Kwa mzee jambo hilo lilikuwa wazi siku zote: mwenye kuchagua kalibu amekwisha kuchagua bunduki.

Bunduki yenyewe ilikuwa na herufi tatu ndogo juu ya mwanzi: ELG. Ni alama ya majaribio ya mji wa Liège, kule Ubelgiji, mji ambao mafundi wake walitengeneza bunduki nyingi za biashara kwa ajili ya Afrika. Kwa nini babu alipata bunduki ya jiwe, wakati Wazungu wenyewe walikuwa wamekwisha kuacha jiwe zamani? Jibu limo katika mapatano yaliyotiwa sahihi Brussels tarehe 2 Julai 1890. Mapatano hayo yalizuia silaha za kisasa zisiingie katika sehemu kubwa ya Afrika, toka nyuzi 20 kaskazini mpaka nyuzi 22 kusini. Kilichoruhusiwa kuuzwa kwa watu wa kawaida kilikuwa bunduki ya gumegume yenye mwanzi laini ndani, usio na mifuo, pamoja na baruti ya kawaida ya biashara. Mababu hawakuchagua jiwe. Walichaguliwa.

Hata hivyo waliizoea, na porini jiwe lina faida yake. Bunduki ya fataki inataka fataki, na fataki zikiisha dukani mwindaji anarudi mikono mitupu. Bunduki ya gumegume inataka jiwe gumu lenye ukingo mkali, chuma cha kupigwa, na baruti kavu. Jiwe linapiga chuma, cheche zinaangukia baruti kidogo iliyo kwenye kisahani, moto unaingia kwa kitundu cha pembeni, ndipo mlio unatoka. Adui yake ni mvua, na mvua ya huku kila mtu anaijua.

Jioni ya kwanza kijana alitoa hoja zake, na hazikuwa za kijinga. Nguruwe wa pori ni mnyama mzito, akijeruhiwa na kidonge kidogo anakimbia na kwenda kufa mbali, nyama inaozea msituni bure. Tena mwanzi mpana unaweza kujazwa punje nyingi kwa kupiga kanga. Mzee alikubali yote mawili. "Kidonge kidogo mno ni dhambi," alisema. "Mnyama anateseka na wewe hauli."

Jioni ya pili mzee alitoa zake. Alianza na uzito. Kidonge cha kalibre 12 kina karibu gramu 38, cha kalibre 20 kina karibu gramu 23. Kilo moja ya risasi inatoa vidonge 26 vya kwanza, ao 44 vya pili. Kwa mtu anayeokota risasi kwenye betri za gari zilizokufa, tofauti hiyo ni wiki nyingi za chakula. Kidonge kizito kinataka baruti nyingi vilevile, na baruti ndiyo iliyo ngumu kupata kuliko vyote.

Pili, bega. Kwenye bunduki ya gumegume kuna kitambo kifupi kati ya cheche na mlio. Katika kitambo hicho mwindaji anapaswa kubaki kama mti. Mtu aliyekwisha kupigwa teke na bunduki kubwa anafumba macho kabla ya mlio, na risasi inakwenda kwa majani. "Bunduki inayokuogopesha wewe," mzee alisema, "haiogopeshi nyama."

Tatu, msitu wenyewe. Kati ya Walikale na Lubutu mwindaji haoni mbali. Anapiga kwa hatua ishirini ao thelathini. Kidonge cha mviringo kinapoteza mwendo haraka katika hewa, lakini kwa umbali huo bado kina nguvu ya kutosha, na hata nguruwe anaanguka kama amepigwa mahali pake. Mnyama wa kila siku si nguruwe. Ni mboloko, swala mdogo wa kilo nne ao tano. Kidonge cha kalibre 12 kinamharibu, nyama yake inageuka vipande na mifupa.

Nne, na hapo sauti ya mzee ilishuka, ni unene wa chuma. Mafundi wengi wa bunduki za pupu wanatumia bomba lolote wanalolipata. Katika bomba lilelile, ukipanua tundu unapunguza ukuta wake. Mzee aliwahi kumwona jirani yake akirudi toka porini bila vidole viwili vya mkono wa kushoto.

Jioni ya tatu kijana alikuja na simu. Alikuwa amepata video ya wawindaji wa Pennsylvania, kule Marekani, ambao mpaka leo wana msimu wao wa kuwinda swala kwa bunduki ya gumegume, ulioanzishwa mwaka 1974. Wale wanapima upana wa tundu kwa inchi, hawahesabu vidonge. Sheria yao inadai tundu lisipungue sehemu 44 za mia za inchi, yaani karibu milimita 11, ili mnyama asijeruhiwe bure. Mzee alitazama kwa makini wazee wa kizungu wakipuliza kisahani cha baruti katika theluji. Akataka kujua tundu la bunduki za mababu zao lilikuwa na upana gani. Kijana akamsomea: wahunzi Wajerumani waliohamia kule katika karne ya 18 walileta bunduki fupi zenye mdomo mpana, kisha kadiri miaka ilivyopita, wakarefusha mwanzi na kupunguza mdomo. Mwindaji aliyekaa miezi msituni mbali na duka alihesabu risasi na baruti yake.

"Basi," mzee alisema, "hata wao walijua."

Kijana akakubali ishirini. Asubuhi yake alitaka waende kwa fundi. Mzee akamwambia wapite kwanza kwa mkubwa wa kartie.

Mkubwa wa kartie aliwasikiliza vizuri, kisha akawaeleza kinachojulikana. Ordonansi-sheria namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985 inadai ruhusa ya serikali kwa mtu kuwa na silaha ya moto. Sheria namba 82-002 ya tarehe 28 Mei 1982 inadai kibali cha kuwinda. Pia msitu wa jirani si wa kuingia ovyo: Hifadhi ya Taifa ya Maiko iko hapo tangu mwaka 1970, na okapi, gorila na sokwe hawaguswi popote walipo. Hayo yote mzee aliyajua. Lililomgusa ni neno la mwisho, ambalo halimo katika sheria yoyote: bunduki ikionekana katika nyumba ile, wa kwanza kuulizwa hatakuwa mhamishwa, atakuwa mwenye nyumba.

Walirudi wakinyamaza. Mbele ya mlango mwenyeji alikuwa anamenya mihogo na bibi wa mzee, na wajukuu walikuwa wamelala juu ya mkeka wa watoto wa nyumba, wamechanganyika hata usingeweza kujua nani ni wa nani. Mzee alisimama akiwatazama.

"Feza yako nunua majembe mawili na mbegu ya karanga," alimwambia mwipwa wake. "Mwenyeji ametuonyesha kipande cha shamba. Bunduki tutaifunga siku tutakaporudi kwetu, na karatasi yake mkononi."

Kijana alikasirika kidogo. "Sasa mjomba, kwa nini tulibishana jioni tatu?"

"Kwa sababu siku hiyo mimi ninaweza kuwa sipo. Fundi atataka kukuuzia bomba kubwa, kwani kubwa lina bei. Wewe utakuwa unajua."

Akafungua kitambaa, akamwekea kalibu katika kiganja. Chuma chake ni cheusi, na mikono ya watu watatu imekilainisha. Kijana aliifungua na kuifunga mara mbili, tatu, kisha akatoa simu mfukoni na kuandika: mwanzi, 20, si 12. Mnene.

Majembe yalinunuliwa siku ya soko iliyofuata. Karanga zimekwisha kuota.