Vina vya Namba ya Simu

Nyumbani kwetu Igogo, mama hakuhifadhi majina katika simu yake ya vitufe. Kila jioni alibonyeza tarakimu zote kumi kumuuliza baba, aliyekuwa Mwaloni Kirumba, atarudi saa ngapi. Sisi watoto tuliujua wimbo wa namba ile. Baba alipofariki, wimbo ukanyamaza.

Juzi nilifungua programu ya Audacity, ambayo hutengeneza milio ya vitufe vya simu, nikaandika namba ya baba. Kumbe kila kitufe ni sauti mbili kwa pamoja, nene na nyembamba: sifuri ni hezi 941 na 1336, saba ni 852 na 1209. Vitufe vya mstari mmoja hushiriki sauti nene. Vya safu moja, nyembamba. Nikaukumbuka mshororo wa shairi, ukwapi na utao, kila kipande na kina chake. Ila hapa vipande viwili hutamkwa kwa pumzi moja.

Nikaucheza mlio. Mama, aliyekuwa akichambua dagaa, akaacha mikono juu ya ungo.

“Hiyo ni namba ya baba yako,” akasema.

Hakuwa ameona tarakimu hata moja.