Kuchora Ua Lililo Mbele Yetu

Nilijifunza kuchora kwa kuchuma haibiskasi moja kila asubuhi, majuma kadhaa. Mkono wangu ulizoea upesi. Jicho ndilo lililokawia. Mtoto naye ni vivyo hivyo: mwambie achore ua, atachora duara na kulizungushia petali, ingawa haibiskasi i mezani pake. Huchora ua alilokariri ubaoni.

Kwa hiyo, mwalimu mwenzangu, siku hizi sichori ubaoni kabla ya watoto kuchora. Kwanza twahesabu: petali 5, kila moja ikifunika ukingo wa inayoifuata, katikati mrija uliobeba stameni, na nchani stigma 5. Kisha twatumia kalamu ya risasi ya H kwa mistari myepesi, na ya 2B kwa vivuli. Rangi huja mwisho, njano kabla ya nyekundu, maana kalamu ya rangi haifutiki vema. Tusikawie, kwani ua hili aghalabu hunyauka siku ile ile ya kuchanua.

Asiye na kalamu za rangi asiachwe nyuma, vivuli vyamtosha. Wote wamalizapo, mwalimu naye achore lake ubaoni. Watoto watalisahihisha.